Kwa Nini Maji ya Lukande Hulala

Zamani maji ya Lukande hayakuwa na usingizi. Yalitoka msituni, kule juu kabisa, yakapita mferejini mchana na usiku, yakanywesha kila shamba la mlima huu, na yaliyobaki yakaporomokea nyika kwa watu tusiowajua hata majina. Hakuna aliyeyaonea uchungu. Enzi hizo Ukungu alikuwa mwenyeji wa hapa kama sisi. Aliulalia msitu kama kuku anavyolalia mayai, miti ikaota ndevu za kijani, na ndevu zile zikadondosha maji hata katikati ya kiangazi. Mgeni akiuliza mbona hatuweki akiba, wazee walimcheka. Nani anaweka akiba ya pumzi?

Kisha Joto likaanza kupanda. Lilikuwa limekaa nyika tangu dunia iwe dunia, likatoka huko polepole, mwaka huu bonde hili, mwaka ujao tuta lile. Nasi, jamani, tukalifurahia! Migomba ya juu, iliyokuwa ikidumaa kwa baridi, ikazaa mikungu ya kujivunia. Vikongwe wakaacha kuota moto asubuhi. Watu wakasema mlima umepata neema, wakafyeka ukingo wa msitu ili wapande migomba zaidi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; sisi mgeni huyu tulimpa msitu.

Nyuma yake wakaja mbu, ambao mlima haukuwahi kuwajua. Ukungu akajiinua, akahamia juu zaidi. Ndevu za miti zikakauka, na mfereji ukawa mwembamba kama mkojo wa mbuzi.

Aliyeumia wa kwanza ni Nambua, mfinyanzi wa vyungu, kwa sababu shamba lake lilikuwa mkiani mwa mfereji. Maji yalianzia kwa wakubwa walio karibu na msitu, na kabla ya kumfikia yalikuwa yamekwisha kunywewa na udongo. Magimbi yake yalinyauka, mahindi yakajikunja. Mumewe alikuwa ameshateremka nyika kutafuta pa kulima, akatuma salamu: mahindi yakifa, funga mzigo, uje na watoto. Jirani walikuwa wanashuka mmoja mmoja, na kila nyumba iliyohamwa ilimchoma Nambua moyoni. Kitovu cha kila mtoto wake kilikuwa kimezikwa kwenye ardhi ile. Aliapa kwamba hatashuka, kisha akalitazama shamba lake akaona aibu kwa kiapo ambacho hakuwa na cha kukitimizia.

Jioni moja alikuwa anachimba udongo kwenye shimo lake, kando ya mfereji kule juu, huku mwanawe mdogo amelala mgongoni. Wakulima walikuwa wamekwenda nyumbani, lakini maji yaliendelea kupita, membamba, yakishuka bila mwenyewe kwenda kunywewa na udongo njiani. Nambua akaacha kuchimba. Udongo ule aliufahamu, ndio uliomlisha. Mvua ikinyesha, shimo lile lilijaa, na maji yake hayakwenda popote mpaka jua liyanywe. Akamfikiria mwanawe. Mtoto aliyekesha akilia huamka amelegea, hata kusimama ni kazi. Aliyelala vizuri huwezi kumkamata mbio.

"Kumbe haya yamechoka," alisema. "Hayajalala tangu yazaliwe."

Akachimba mdomo wa kutolea maji upande wa chini wa shimo, akauziba kwa gogo la mgomba, akakandika kwa udongo kama akandikavyo chungu kilichopasuka. Kisha akayageuza maji yaingie shimoni, akaenda kulala bila kumwambia mtu. Maana ulikuwepo mwiko, na kila mtu aliujua: maji ya mfereji hayafungwi, na anayeyafunga amefunga mvua ya mlima mzima.

Alfajiri wazee walikuwa wamesimama pale. Mbele yao alikuwa Mzee Mchome, msimamizi wa mfereji, na huyo Mzee Mchome ndiye baba mkwe wake Nambua. Wengine walidai afukuzwe mlimani siku hiyohiyo. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa kwa fedheha ya mkwewe. Nambua akapiga magoti, kama ipasavyo mbele ya mkwe, lakini sauti yake haikupiga magoti.

"Baba, mkinifukuza nitakwenda. Ila yafungulieni kwanza, myaone yakiamka."

Mzee Mchome alilitazama shimo. Lilikuwa limejaa hadi ukingoni, maji mengi kuliko aliyoyaona mwaka mzima. Akaingia matopeni mwenyewe, mtu mzima yule na heshima zake, akaling'oa gogo kwa mikono yake. Maji yakatoka kwa kishindo. Yalilipita shamba la kwanza na la pili, yakaupita mkono wa mfereji uliokauka tangu masika, na watu wakawa wanakimbia pembeni yake, vibibi navyo vimeshika kanga, mpaka mkiani. Yakaingia kwenye mahindi ya Nambua. Hapo akakaa chini akalia, na hakuna aliyemnyamazisha.

Mzee Mchome akafika akihema, akasema neno ambalo ndilo sheria yetu hadi leo: "Yakimfikia wa mwisho, yametufikia wote."

Na tangu siku hiyo maji ya Lukande hulazwa kila jioni ndivani, ndilo shimo lile la Nambua, na yakiamka hunywesha kwanza shamba la mkiani. Tangu siku hiyo ukingo wa msitu haukatwi hata kijiti cha kuchokolea meno, ili Ukungu akitaka kurudi akute kitanda chake. Mume wa Nambua alirudi mwenyewe, na mzigo wake kichwani.

Joto bado linapanda, siwafichi. Ndiyo maana kila kizazi huchimba ndiva ikawa na kina zaidi kuliko ilivyoachwa na wazazi, na ndiyo maana kesho baragumu la kwenda kuchimba likilia sitaki kusikia habari za mgongo unauma. Kila mtu na jembe lake. Na watu wa nyika wakiwauliza mnangoja nini huku juu, waambieni mnangoja maji yaamke.