Aliyeita Akitazama Ndani

Wapendwa, leo naomba mkae macho. Najua ni kazi. Nimehubiri kuanzia Kigoma hadi Mombasa, hata ng'ambo niliwahi kupelekwa, na kote nilikopita nimegundua kitu kimoja: watu husinzia kwa lugha zote. Lakini mfano huu ukiusinzilia, utaota vibaya.

Palikuwa na binti mmoja aliyekuwa akisomea usaidizi wa kisheria, ile kazi ya kusimama na watu wasio na wakili. Kozi ilikuwa imefika ukingoni. Lilibaki zoezi moja, shauri la kuigiza. Ukifaulu unapewa cheti. Ukianguka unarudi kwa mama kukaanga maandazi, na yule binti maandazi alikuwa anayaunguza.

Mwalimu wao akaazima chumba cha mahakama ya mwanzo, Jumamosi mchana, siku isiyo na kesi. Uwanja mtupu, jua tu na mbuzi wa mlinzi. Shauri lenyewe la kutunga: shemeji mtu anadai nyumba aliyoachiwa mjane. Binti anamsemea shemeji. Mjane hayupo, kwa kuwa hajawahi kuzaliwa. Hata jina lake binti alilibuni asubuhi ile akinywa chai. Kazi rahisi. Unakwenda mlangoni, unamwita mdaiwa mara tatu kama ilivyo desturi ya mahakama, haitiki, unaomba shauri lisikilizwe upande mmoja. Umeshinda, nenda kale.

Binti akaenda, akaufungua mlango kidogo. Uso akauelekeza ndani, kwa mwalimu, maana ndiye mwenye alama.

"Sikudhani Makwaya."

Akaita tena.

"Sikudhani Makwaya."

"Ongeza sauti," mwenzake mmoja akamtania, "labda yuko msalani."

"Sikudhani Makwaya."

"Nipo."

Sauti ilitoka nyuma ya mgongo wake, huko nje.

Nikuulize wewe uliyekaa hapo mbele, ungefanyaje? Mimi ningetorokea dirishani, na kwa tumbo hili ningekwama, wangenikuta Jumatatu.

Akaingia mama mmoja mtu mzima, kanga yake imepigwa pasi, karatasi kaikunja kiganjani. Hakuuliza njia. Akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha mdaiwa, akaketi. Wanafunzi wakamtabasamia mwalimu, wakidhani ni yeye aliyemleta. Mwalimu akawatabasamia wao, akidhani hivyo hivyo. Kisha tabasamu zikaanza kuzimika, moja moja.

"Shikamoo, mama," mwalimu akasema. "Wewe ndiye Sikudhani?"

"Marahaba. Mimi siye."

"Sasa mbona umeitika?"

"Naitika yote, baba. Langu liliitwa humu zamani, nami niko hapo ngazini tangu asubuhi. Sikulisikia. Nikaja kuambiwa, umeitwa mara tatu, hukutokea, nyumba si yako tena. Tangu hapo wakiita jina lolote naitika, langu lisije likanipita."

Binti akamsogelea. "Ulikuwa karibu hivyo, mama, hukusikiaje?"

"Aliyeita alisimama kama ulivyosimama wewe, mwanangu. Uso ndani, mgongo kwetu."

"Kwenu? Wewe na nani?"

Mama akageuka. Akatazama mlango.

"Binti," mwalimu akasema, na sauti yake haikuwa ile ya darasani, "funga huo mlango. Muda wako unakwisha. Omba upande mmoja, nikupe alama, twende nyumbani."

Binti akasimama pale, cheti mkono huu, mlango mkono huu.

"Jina lako nani, mama?"

"Nyamizi Kalunde."

Akaenda. Akafungua mlango wote, akakanyaga kizingiti, akaupa mgongo ule upande wenye alama. Akaita kuelekea uwanjani kusikokuwa na mtu.

"Nyamizi Kalunde."

"Nipo," mama akasema ndani, akainuka.

"Nipo," ikasema sauti nyuma ya tangi la maji.

"Nipo," ng'ambo ya ukuta. "Nipo," kule barabarani. Wakaanza kujitokeza taratibu, nguo zao zimepigwa pasi, kila mmoja na karatasi yake mkononi, kila mmoja anaitikia jina lisilo lake. Na mbuzi wa mlinzi akawapisha.

Cheti alipata? Sijui. Walionisimulia wanasema hakurudi kwenye kiti chake siku ile. Alikuwa mlangoni, anauliza majina.

Ndugu zangu, sisi tunaita sana. Tuna vipaza sauti, tuna kwaya, tuna mimi ninayesikika hadi sokoni. Tunasema, "Tumewaita, hawakuja," tunawahukumu upande mmoja, tunakwenda kula. Lakini tuliita tukimtazama nani? Si sisi kwa sisi, wenye alama zetu? Yule jirani uliyesema hana haja na Mungu, ulimwita ukiwa umemgeukia? Jina lake unalijua? Au amekaa ngazini kwetu, amevaa vizuri, anangoja?

Mzee wangu uliye karibu na mlango, hebu ufungue. Mabawa yote mawili, hata lile bovu. Baraka ya leo nitaitoa nimesimama kizingitini, nimeelekea barabarani. Mtaona mgongo wangu tu, na msinung'unike. Kuna watu wameutazama miaka mingi.

Na tukisikia mtu huko nje akiitika, asikimbie mtu. Tumsogezee kiti.