Bashasha na Ubao wa Fisi

Hadithi, hadithi!
— Njoo, keti, sisi tumeshakula!
Niwape tamu au chungu?
— Changanya, tutachambua wenyewe!

Haya, sikilizeni. Mwenye usingizi aende akalale, maana hii nikiisimulia huwa nakasirika, na nikikasirika sirudii.

Hapo kale, nyuma ya soko la Mkwajuni, palikuwa na banda la mbwa wasio na kwao. Mbwa akiokotwa barabarani anapelekwa pale, analishwa, anangoja. Watu wa mjini wanakuja, wanatazama, na anayempenda mbwa anamchukua nyumbani akawe wake. Jambo zuri kabisa! Lakini mlinzi wa banda, mwenye kofia na funguo, aliyepewa kazi ya kugawa chakula cha mbwa, alikuwa nani?

Fisi!

Msicheke. Na mimi niliuliza, jamani, fisi? Nikaambiwa aliandika barua nzuri ya maombi.

Basi mle bandani aliletwa mbwa mmoja mdogo, wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama na moja limelala. Jina lake Bashasha. Huyu alipenda watu mpaka inaudhi. Akimwona mtu kwa mbali, mkia unapiga bati: pwa, pwa, pwa! Akifika karibu, anasalimia: "Shikamoo!" Adabu tele, na hakuna aliyemfundisha. Alichotaka ni kimoja tu: apate mtu wake, alale mlangoni kwake, basi.

Na chakula? Kila siku yalikuja mabakuli ya ugali na dagaa, bakuli moja kwa kila mbwa. Fisi anakaa chini, anakula dagaa zote, kacha, kacha, kacha, anawaachia mbwa ukoko. Sasa fikirini wenyewe: mbwa akipata kwao, bakuli lake haliji tena. Fisi alilifikiria hilo, likamuuma kweli kweli. Akatafuta mbao, akachukua mkaa, akaandika, akamvika kila mbwa ubao shingoni. Mmoja, MGONJWA. Mwingine, MWIZI WA KUKU. Mwingine, ANAKOJOA NDANI, na masikini alikuwa hata hajawahi kuingia ndani! Bashasha akaandikiwa MBWA MKALI.

Bashasha hakujua kusoma. Alidhani ni pambo.

Akaja fundi baiskeli. Mkia, pwa, pwa, pwa! "Shikamoo!" Fundi akasoma ubao. "Mama weee!" Mbio. Fisi akacheka, hiii-hi-hi, akala dagaa.

Akaja mwalimu na mwavuli wake. Mkia, pwa, pwa, pwa! "Shikamoo, mwalimu!" Mwalimu akasoma ubao kwa sauti, maana walimu ndivyo walivyo: "Mbwa... mkali. Mama weee!" Mwavuli huku, yeye kule.

Ndipo Bashasha akajua.

"Mkali? Mimi? Mzee Fisi, mimi nimemng'ata nani?"

"We mtoto, unabishana na maandishi?"

"Lakini si umeandika wewe!"

"Ndiyo maana nina uhakika," akasema Fisi, huku akijichokoa meno kwa mwiba wa dagaa.

Mnaona ujeuri huo? Tangu siku ile kila mgeni akija, Bashasha anapiga kelele, "Mimi si mkali! Jamani, mimi si mkali!" Na wageni wanaambiana, "Msikie huyo! Mkali gani alikubali kuwa mkali?" Ukisema, umekosea. Ukinyamaza, umekubali. Nakereka mimi!

Siku ya Alhamisi akaja mama mtu mzima, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko. Huyu ni Bibi Nambua, mkaanga maandazi wa sokoni. Mkia, pwa, pwa, pwa! "Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, mjukuu wangu," akaitika Bibi Nambua. Alikuwa wa kwanza kuitikia. Akapitisha vidole kwenye wavu, Bashasha akavilamba, vilikuwa na iliki na sukari.

"Natafuta wa kuzungumza naye," akasema bibi. "Watoto wameolewa, nyumba kimya. Naongea na karai." Kisha akainama, akatafuta herufi moja moja kwenye ubao. Akavirudisha vidole vyake polepole. "Ah. Mbona sura haifanani? Mkali siwezi, mwanangu, miguu yangu haikimbii. Nitarudi Jumamosi, labda ataletwa mpole."

Akaenda zake. Bashasha hakulia. Alikasirika! Alikasirika mpaka sikio lililolala likasimama.

Ijumaa akaja Bwana Machumu, mwenye nyumba ya ghorofa na geti la chuma. Akasoma ubao, badala ya kukimbia akapiga makofi. "Huyu ndiye! Kesho asubuhi naja na mnyororo, nimfunge getini. Na mjue, kwangu mbwa mkali anakula mguu wa ng'ombe kila siku!"

Fisi aliposikia mguu wa ng'ombe, mate yakamdondoka, to, to, to, mpaka yakalowesha kofia aliyoishika mkononi.

Lakini Bashasha alikuwa amekulia barabarani, na mbwa wa barabarani anawajua watu kwa majalala yao. Jalala la Bwana Machumu alilifukua miezi mitatu. Hakuwahi kukuta mfupa. Hata wa samaki! Alikuta maganda ya viazi, tena yamemenywa kwa ubahili, unaona mpaka upande wa pili.

Bwana Machumu alipoondoka, Bashasha akaanza kurukaruka. "Ohoo! Mguu wa ng'ombe! Nimeukata!"

Fisi akasogea. "Mguu wenye paja?"

"Wenye paja, mzee. Na uboho ndani."

"Na uboho!" Fisi akameza mate, gubu. "Wewe na vijino hivyo utautafunaje? Niachie mimi niende."

"Hapana, mzee. Ubao huu ni wangu. Umeandikwa mimi."

"Nipe huo ubao!"

"Hapana, mzee. Si ulisema tusibishane na maandishi?"

"Nipe ubao, nikupe dagaa zote za leo."

"Hapana, mzee. Atakayekuja anamtaka mbwa aliye ndani ya banda, na wewe uko nje, una kofia, una funguo. Atakuonaje mkali na kofia hiyo?"

Hapo Fisi hakungoja tena. Akafungua mlango, kwiii. Akamtoa Bashasha, akajivika ubao, akamtupia kofia, akamtupia funguo, akaingia bandani mwenyewe kwa miguu yake minne. "Funga upesi, kabla hujabadili mawazo!"

"Kama unavyotaka, mzee." Kufuli, ka!

Jumamosi asubuhi Bwana Machumu akafika na mnyororo, chaka, chaka, chaka. Akakuta mlinzi mdogo mwenye kofia iliyomfunika macho.

"Mbona mbwa amekua hivi?"

"Ni ukali, bwana. Umemjaa."

"Mbona mgongo umeshuka nyuma?"

"Hapo anataka kuruka, bwana."

"Mbona ananuka?"

"Wewe unataka mkali au unataka sabuni?"

Bwana Machumu akamwambia mnyama, "Haya, bweka nikusikie!" Fisi, kwa ajili ya paja lile, akavuta pumzi: "Uuuu-wiiii! Hiii-hi-hi!"

"Loo!" akasema Bwana Machumu. "Huyu si wa hapa. Huyu ni mbwa wa Ulaya!" Akamfunga mnyororo, akaondoka naye kifua mbele, ili majirani waone.

Getini Fisi akaletewa bakuli. Ndani yake, maganda ya viazi. "Mguu uko wapi?" akafoka. "Mimi si mbwa! Jamani, mimi si mbwa!" Wapita njia wakasoma ubao, wakaambiana, "Kumbe kweli ni mkali." Wakavuka barabara.

Bashasha naye akafungua milango yote, akawavua mbwa wenzake mbao zao, akazirundika pembeni. Alipomaliza akageuka, akamwona Bibi Nambua amesimama na kikapu.

"Yule mkali yuko wapi?" akauliza bibi.

"Amechukuliwa, bibi."

"Na wewe ni nani?"

Hapo werevu wote ukamwishia. Akavua kofia tu, akakaa, mkia ukaanza wenyewe. Bibi Nambua akamtazama, akautambua ule mkia, akatazama lile rundo la mbao, akasonya msonyo mrefu.

"Kumbe mtu anaweza kukaa akamwandikia mwenzake uongo hivi! Na mimi nikausoma, nikauamini, mtu mzima mzima." Akaziokota mbao, akazitia kikapuni. "Hizi ni kuni. Twende, mwanangu, mafuta yananingoja jikoni."

Wakaenda. Njia nzima bibi anaongea, Bashasha anasikiliza.

Nami hapa natua mzigo, shingo imeniuma; atakaye auchukue.
— Tumeupokea! Na funzo?

Funzo? Funzo ni kwamba kudanganya ni vibaya sana, watoto wangu, tena kumdanganya mkubwa wako wa kazi! Mtazameni Bashasha anavyoteseka mpaka leo. Kila alfajiri anaamshwa na harufu ya maandazi. Lile la kwanza, lililoungua kidogo, analazimishwa kula yeye. Halafu anasimuliwa habari za watoto wote wa Bibi Nambua, mmoja baada ya mwingine, na hana pa kukimbilia, masikini, maana ndiko kwao.