Makoti Saba Kikaoni

Akina mama wenzangu, nivumilieni, nitasema mbio mbio kabla woga haujanikalisha.

Kulikuwa na nchi saba zilizoungana, zikawa na lango moja juu ya daraja. Mama mmoja akafika pale asubuhi, mtoto mgongoni, kifua kinakoroma, na hospitali iko ng'ambo, anaiona kwa macho. Lango limefungwa. Akaambiwa nenda ofisini, kikao kinaendelea.

Akaingia. Meza ndefu, viti saba, na kwenye kila kiti koti. Koti tu! Watu hakuna, ila karani mmoja kasimama pembeni. Si mnazijua ofisi zetu, koti likiwa kitini basi bosi yupo, ametoka kidogo? Sasa hao waliandika kabisa kwenye katiba ya muungano: koti likiwepo, kiongozi amehudhuria.

"Kaka yangu," akamwambia karani, "mtoto hapumui vizuri. Nifungulie."

"Ngoja tuwaulize waheshimiwa, mama." Karani akayageukia makoti, kwa adabu zote. "Wanaotaka lango libaki limefungwa?"

Feni ikazunguka. Mikono ya makoti ikainuka, taratibu, mmoja mmoja. Na ule wa mwisho, jamani, ulikuwa kona ambayo feni haifiki.

"Saba. Limepita."

"Nani aliwapa hawa mamlaka?"

"Ninyi. Si mmekaa hapo nyuma, mnasikiliza?"

Akageuka. Viti vya wananchi, safu kwa safu, na juu ya kila kiti kanga. Hakuna mtu. Ya tatu kutoka mlangoni ina alama ya pasi pindoni. Ni yake! Aliiacha siku ile ya kuungana, akasema naweka nafasi, narudi sasa hivi.

Akaivuta.

"Usiiguse, mama!" Karani sauti ikamkatika. "Akidi itavunjika, kikao chote hakitakuwepo!"

"Basi kisiwepo."

Akamfunika mtoto, akakimbilia lango, akalisukuma. Likafunguka. Halikuwa na kufuli, wenzangu. Halijawahi kuwa nalo.

Sasa sisi. Tunalia viongozi hawapo, hawapo. Sisi je, tupo? Walipotuita tutoe maoni juu ya muungano wetu huu, nani alikwenda? Mimi sikwenda. Hebu tazameni hata humu kanisani, viti viwili pale mbele vina kanga tangu asubuhi, na mhesabu waumini ameshapita, ameandika wapo.

Kila mmoja anajua kanga yake iko kiti gani. Nendeni mkazichukue, leo hii, mtoto bado anakoroma.