Uhamisho Mmoja, Mafundi Watatu

Sogeeni karibu. Mwenye kiti akae, asiye na kiti sakafu haijamkataa mtu. Nina jambo nataka kuwauliza, lakini siwezi kuliuliza mpaka niwasimulie kwanza. Na nikimaliza msinitazame usoni mkitafuta jibu, maana nimelitafuta mwenyewe nikachoka.

Palikuwa na ofisi Dodoma ikiitwa Ofisi ya Vituo. Msihangaike kuitafuta, hamtaipata. Kazi yake ilikuwa kuwahamisha watumishi. Mwalimu aliyepangwa Mtwara anatamani kurudi kwao Musoma, anaandika ombi. Mwingine yuko Musoma, roho yake iko Mtwara, naye anaandika lake. Ofisi inawakutanisha, wanabadilishana vituo, kila mmoja anafunga godoro lake na kurudi kwa watu wake. Maombi yote ya nchi yalikaa ndani ya hifadhidata moja, kwenye majedwali: jina, kituo ulichopo, kituo unachokitaka. Kila Ijumaa mchana mashine ilipewa kazi ya kuyapitia yote na kutafuta nani abadilishane na nani, na alasiri kamati ikaketi kutia saini. Kamati hiyo ilikutana Ijumaa tu. Ikikuta majina hayajatoka, wajumbe walikunywa chai yao wakatawanyika, na watu wakangoja wiki nyingine.

Hifadhidata ile ilitunzwa na mafundi watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Ndunguru alikuwa mtu wa kujiandaa. Huyu alibeba mwavuli kiangazi, tena Dodoma! Wenzake walimcheka, naye aliwaacha wacheke. Mutalemwa alikuwa hababaiki. Simu zikilia zote kwa pamoja na wakubwa wakipandisha sauti, yeye ndiyo kwanza aliongea taratibu zaidi. Na Mwanakheri alikuwa msomaji. Mashine ina tabia ya kuandika mambo yake kwa lugha kavu, kurasa kwa kurasa, mpaka mtu mzima anapiga miayo. Mwanakheri aliyasoma yale kama mtu anayesoma barua ya mchumba, hakuruka mstari.

Sasa oneni mambo ya dunia. Watu watatu hawa, ambao kazi yao ilikuwa kuwarudisha wenzao makwao, wenyewe hawakuruhusiwa kuhama. Wakiondoka, nani atawahamisha wengine? Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya ofisi.

Ndunguru alikuwa na mama yake Mbinga, anaishi peke yake tangu baba alipofariki, na macho yameanza kumtupa. Mutalemwa alikuwa na mke, muuguzi huko Bukoba. Walioana, wakala likizo pamoja, na tangu hapo ndoa yao ikaishi kwenye simu. Mwanakheri alimwacha binti yake Saumu kwa bibi yake Pangani, akiwa bado ananyonya. Baba yake Saumu alishaenda zake, huyo tumwache. Mtoto akakulia mikononi mwa bibi, akamwita bibi "mama". Na kwa kuwa alimsikia bibi akisema "Mwanakheri amepiga simu", naye akishika simu alisema hivyo hivyo.

"Mwanakheri, umekula?" aliuliza kwa sauti yake nyembamba.

"Nimekula, mwanangu. Sema mama."

"Mama yuko jikoni. Nikuitie?"

Mwanakheri alikuwa akicheka kwenye simu, kisha anakata, anabaki ameishikilia. Alikuwa na hamu kubwa na mtoto yule. Alitamani kumwosha miguu iliyojaa mchanga, amkemee kwa kukataa kula, agombane naye kama mama wengine wanavyogombana na watoto wao. Hivyo tu. Hakuomba makubwa.

Basi, ukatokea mkasa. Mashine ikaanza tabia ya kuganda kila Ijumaa mchana, katikati ya kazi ile ile ya kulinganisha majina. Makarani wanabonyeza, kiduara kinazunguka tu kwenye kioo. Mkuu wa ofisi, Bwana Chilongani, alijua dawa moja: zima, washa. Mashine ikawaka, nzuri kabisa, ila kazi imekatika na kamati imeshaondoka. Na kwa kuwa mashine ikizimwa inasahau yote iliyokuwa ikiyafanya, hakuna aliyejua ilikuwa imekwama wapi. Barua za kulalamika zikafurika. Walimu na wauguzi walitaka kurudi makwao, na ofisi haina jibu.

Bwana Chilongani akawaita mafundi wake. "Niambieni kwa nini mashine inaganda," alisema. "Atakayeniambia nitampigania uhamisho kwa wizara, aende atakapo. Nimeapa."

Watatu wale hawakutazamana. Kila mmoja aliangalia dirishani, na nyinyi mnajua kila mmoja aliona mji gani.

Ndunguru ndiye aliyeanza. Alisema, "Tatizo likija, halitatungoja tujiandae." Akataka kuiamuru mashine iandike faili la nyayo, yaani kila amri inayoletewa, nani kaileta, kutoka kompyuta ipi. Wenzake walinung'unika, maana mashine inayoandika nyayo zake zote huwa nzito, na faili hilo linanenepa haraka mpaka linaijaza diski. Ndunguru hakubishana. Wiki nzima alisafisha diski, akaondoa makorokoro ya zamani, akachagua nyayo za jedwali la maombi tu. Ijumaa asubuhi, kabla karani wa kwanza hajafika, faili lilikuwa limeshafunguliwa na linaandika.

Mchana ukafika, mashine ikaganda.

"Zima!" Bwana Chilongani aliingia mbio. "Kamati inakuja hiyo!"

"Nitazima, mkuu," alisema Mutalemwa. "Kwanza niipige picha."

"Picha? Huu ni wakati wa picha?"

"Ndiyo wakati wenyewe, mkuu. Ikizimwa haitakumbuka kitu."

Picha aliyosema haikuwa ya kamera. Ni kuiamuru mashine ikiwa imeganda vile vile imwage kwenye faili yote yaliyomo kichwani mwake: nani yumo ndani, ameshika nini, anamngoja nani. Akaipiga ya kwanza. Kisha akakunja mikono, akangoja.

"Umeshaipata, unangoja nini?"

"Ya pili, mkuu. Picha moja haimtofautishi aliyekwama na aliye njiani."

Bwana Chilongani alisema atauchomoa waya mwenyewe. Mutalemwa akasimama mbele ya mlango wa chumba cha mashine. Hakupandisha sauti. "Ukinifukuza kazi, mkuu, sawa, nitafungasha. Lakini nipe hii picha ya pili iishe." Na mzee wa watu, sijui ni hasira zilimwishia au ni haya, alikaa kwenye kiti akajipepea kwa faili. Picha ya pili ikaisha, na Mutalemwa akaomba mashine isizimwe mpaka zisomwe.

Hapo ikafika zamu ya Mwanakheri. Alizilaza picha mbili ubavu kwa ubavu akaanza kusoma. Makarani wote walikuwa wanaingoja kazi ya kulinganisha. Kazi ya kulinganisha nayo inamngoja mtu. Akafuata foleni ile, huyu nyuma ya huyu, mpaka akafika mbele kabisa, akakuta dirisha moja, yaani ukurasa ambao mtu ameufungua kwenye kompyuta yake, lisilomngoja yeyote. Lilikuwa halifanyi lolote katika picha zote mbili, limetulia tu, limeshika mstari mmoja wa jedwali na limeufungia kufuli. Lakini picha haikusema dirisha lile lilitaka nini. Akachukua namba yake, akaingia kwenye faili la nyayo la Ndunguru, akarudi nyuma amri kwa amri, hadi akaipata. Mtu alikuwa ameamuru kituo cha Mwalimu Idrisa Songoro kibadilishwe kutoka Nachingwea kuwa Dodoma. Baada ya hapo hapakuwa na amri ya kuhifadhi, wala ya kughairi. Mwandishi aliandika akaondoka.

Kompyuta ilikuwa ya masjala, mezani kwa Bi. Siwema, karani wa huko.

Mwanakheri alishuka ngazi peke yake. Bi. Siwema ndiyo kwanza alikuwa ametoka kuswali, bado anaufunga mtandio wake vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mbio?"

"Mama, huyu Mwalimu Idrisa ni nani?"

Bi. Siwema alikitazama kioo cha kompyuta yake, akavua miwani. "Mume wangu," alisema. "Aliomba uhamisho miaka mingi. Alifariki huko huko Nachingwea, jina halijatoka. Ombi lake sijalifunga. Nikilifunga itakuwa kama hakuomba."

Mwanakheri aliinama, akalisoma lile jina kwenye kioo.

"Ijumaa ndiyo siku aliyokuwa akinipigia, aniulize kama limetoka. Basi nikienda kuswali namfungulia, namwandikia Dodoma. Halafu naenda. Nikirudi nighairi. Sihifadhi, mwanangu, haki ya Mungu sijawahi kuhifadhi. Nataka tu ikae vile kidogo, aonekane amehamia." Akashusha pumzi. "Lakini siku hizi kila nikirudi nakuta mmezizima mashine zenu. Kuna ubaya nimefanya?"

Nyinyi mngemjibu nini? Mwanakheri alivuta kiti akakaa karibu naye. Alimweleza taratibu kwamba mstari ukishikwa hivyo, wote wanaoupitia wanasimama, na mashine ikifika kwa Mwalimu Idrisa haiwezi kumruka. Kwamba walimu wa nchi nzima wamesimama nyuma yake.

Bi. Siwema alilisikiliza lile, akalia bila sauti. Kisha akanyoosha kidole, akabonyeza kughairi. Kwenye kioo Dodoma likaondoka, Nachingwea likarudi. Na juu, ghorofani, watu wakapiga kelele za furaha, mashine imeamka.

Majina yalitoka alasiri ile, mengi, kamati ikatia saini mpaka vidole vikawauma. Mwanakheri alipoulizwa alijibu, "Dirisha lilisahauliwa wazi," na wenzake wawili waliojua ukweli wakaitikia kwa vichwa kwamba ni hivyo hivyo. Ndunguru akaweka utaratibu wa dirisha lililolala kujifunga lenyewe. Mutalemwa naye akampa Bi. Siwema ukurasa wa kutazama tu, ambao haumshiki mtu yeyote. Hapo pangekuwa pazuri pa kuishia, kama si ile ahadi.

Bwana Chilongani alikuwa mkweli. Alikwenda wizarani, akarudi na fomu. Moja.

"Nimeomba tatu, wamenicheka," alisema. "Iko wazi, haina jina. Mnajua wenyewe nani alifanya nini, mimi nilikuwa napiga kelele tu. Niletewe imejazwa kabla ofisi haijafungwa, la sivyo wanampa mtu wa idara nyingine."

Wakaketi watatu kantini, fomu katikati, chai inapoa.

"Bila faili langu," alisema Ndunguru, "ile picha ingewaonyesha dirisha lililolala, basi. Mngelifunga, na Ijumaa inayofuata lingerudi, hamjui limetoka kwa nani wala kwa nini."

"Kweli," alisema Mutalemwa. "Na bila picha yangu ungejua namba ya dirisha gani? Ungetafuta kwenye hilo faili lako mpaka ustaafu."

"Na bila wa kuyasoma," alisema Mwanakheri, "vyote viwili vilikuwa vinajaza diski tu."

Yote yalikuwa kweli, na hakuna aliyeweza kumkatalia mwenzake. Kisha Ndunguru akasema mama yake juzi alimwaga uji wa moto akidhani sufuria liko pengine. Mutalemwa akasema mkewe ameacha kumuuliza anakuja lini, na kwamba kile kimya kinamtisha kuliko ugomvi. Mwanakheri alifungua mdomo ataje jina la Saumu, akaishia kuigeuzageuza simu yake mezani. Lakini walikuwa wakiisikia simu yake kila siku. Hapakuwa na haja.

Mutalemwa ndiye aliyesimama kwanza. "Peni ikikaa kwangu nitaandika jina langu," alisema. "Najijua. Andika wewe, dada. Sisi tutaridhika."

Ndunguru naye akainuka. "Hata mimi nisipewe peni. Utakaloandika, ndilo."

Wakaondoka, wakarudi kazini, wala hawakugeuka nyuma, kwa kuwa waliogopa wakigeuka watamwomba.

Mwanakheri akabaki na ile fomu. Ameshika peni. Akiandika jina lake, kesho kutwa yuko Pangani na mtoto anajifunza kumwita mama, na wale wawili hawatamlaumu kamwe, na hilo ndilo linaloufanya mkono uwe mzito. Akiandika jina la mmojawapo, atamwambia nini mwingine? Na atamwambia nini Saumu? Huko chini walinzi wameanza kufunga madirisha.

Basi wasikilizaji, mimi nimefika mwisho wa ninayoyajua. Yupo aliyejiandaa wakati wengine wanacheka, yupo aliyesimama mlangoni wakati wengine wanakimbia, na yupo aliyesoma mpaka akamfikia mwenye kulia. Fomu ina nafasi ya jina moja.

Je, wewe ungeandika la nani?