Mwenye Mji wa Bi Tembo

Haya, sogeeni. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna polepole, maana sina nguvu za kushindana na meno yako.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika, wakioana na kugombana na majirani kama sisi, aliishi mjane mmoja, Bi Tembo. Magoti yalimsumbua, na macho yake hayakuona tena. Watoto wake watatu, Makonga, Nyangoma na Kitindi, walikuwa wakubwa, kila mmoja ana kwake. Aliyebaki naye nyumbani ni Pimbi. Mnamjua pimbi? Yule mnyama mdogo wa mawe, akisimama hafiki hata kwenye goti la tembo. Bi Tembo alimwokota akiwa yatima, akamlea. Sasa Pimbi ndiye aliyemwashia mama moto na kumwongoza kwenda msalani.

Siku moja watoto walikuja kumsalimu mama yao. Yaani, walikuja kula ndizi zake, lakini tuseme kumsalimu. Mara wakasikia, "Hodi! Hodi hapa!"

Alikuwa Korongo, Bwana Afya wa msitu mzima, shingo ndefu, miguu mirefu. Huyo hakuwa na salamu nyingi. Akazunguka ua, ta, ta, ta, akichungulia huku na kule.

"Lo! Ua umeangukia njia ya watu. Kisima hakina mfuniko, jana mtoto wa Digidigi nusura atumbukie! Na choo... salaale, choo kimejaa hadi juu! Mwenye mji huu ni nani?"

Nzi wa chooni tu ndio waliojibu, zzzzz.

Nyangoma akakohoa. "Mimi nimeolewa ng'ambo ya mto, Bwana Afya. Mwanamke aliyeolewa ana mji kwao?"

"Nyumba ya mama hurithiwa na kitindamimba," akasema Makonga. "Mila ndiyo hiyo. Muulize Kitindi."

"Mimi? Mama yu hai, nimerithi nini?" Kitindi akaruka. "Baba akifa, mtoto wa kwanza ndiye baba. Tena ua huo aliuangusha yeye mwenyewe, akijikuna mgongo!"

"Na mfuniko wa kisima nani aliukalia ukavunjika, kraaa?" Makonga akamrudishia.

"Si mlinikaribisha nikae!"

"Si mimi niliyekukaribisha!"

"Wala si mimi!"

Si mimi, si mimi, si mimi! Makelele yakajaa kiwanjani, na mama yao kakaa pale mlangoni.

Korongo akachota udongo mwekundu, akachora X kubwa ukutani. Paap! Paap!

"Siku ya gulio nitarudi," akasema, "na majirani wote watakuwapo wawe mashahidi. Nitauliza mara moja tu. Atakayejitaja mbele yao, amejitaja, hakuna kurudi nyuma. Asipopatikana mtu, mji huu hauna mwenyewe, utabomolewa. Mama tutamhamishia kule bondeni kwenye matope, akae na wasio na jamaa."

Akaruka zake, pwa, pwa, pwa.

"Tutazungumza," wakasema wale watoto, wakaondoka. Kila mmoja na mkungu wake wa ndizi.

Bi Tembo akapapasa ukuta kwa mkonga mpaka akaugusa ule udongo mbichi. "Pimbi, amechora X, siyo?"

"Ndiyo, mama," akajibu Pimbi.

"Ukuta huu niliusiriba mwenyewe," mama akasema, "nikiwa na mimba ya Makonga. Huko bondeni sijui nitashika wapi, mwanangu. Hapa najua kila mahali."

Pimbi akaenda nyuma ya jiko, akalia mpaka akachoka. Alimpenda mama huyu, jamani, hakuwa na mwingine. Lakini angefanya nini? Nguzo moja tu ya ua ingemlalia akafa. Na kuwabembeleza wale watatu ni kujichosha bure, wangempa mila nyingine tatu.

Akakaa, akafikiri. Tembo anaweza kuikimbia kazi ya mama yake, sawa. Lakini hajazaliwa tembo wa kuukimbia udongo wa chumvi, ule mweupe wa kulambwa. Na mwaka ule chumvi ilikuwa imeadimika, watu wanaramba mawe.

Kulipokucha, Pimbi akatia mdomo kwenye majivu ya jikoni. Sharubu zote nyeupe pe! Akaenda kwa Makonga.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kama umekuja kwa ajili ya ule ua, rudi."

"Ua? Aa, wapi! Nimekuja na ombi dogo tu. Siku ya gulio, Korongo akiuliza, nitasema mwenye mji ni mimi. Naomba usinipinge."

Makonga akaacha kutafuna. "Wewe? Mji wenye choo kimejaa unautakia nini?"

"Basi tu, kaka." Pimbi akaramba sharubu, taratibu, akafumba macho. "Mmmh."

"He! Hiyo nyeupe mdomoni ni nini?"

"Ipi? Hii?" Pimbi akajifuta harakaharaka. "Majivu tu, kaka. Majivu ya jikoni."

"Majivu! Nani anaramba majivu?"

"Nakwambia ni majivu, huamini? Basi. Ila usimwambie Kitindi kwamba nimekuja. Tafadhali sana."

Akaondoka mbio, kacha kacha kacha, akigeuka nyuma kila mara kama mwizi. Makonga akabaki kasimama, mate yanamtoka. Majivu! Mimi huyu nidanganywe na kadude kama kale! Kamechimbua chumvi kwa mama, ndiyo maana kanataka mji!

Toka hapo, Pimbi akaenda kwa Nyangoma. Maneno yale yale, kuramba kule kule. "Majivu tu, dada." Nyangoma akacheka kwa midomo, macho hayakucheka. Kwa Kitindi hata hakumaliza kusema. Kitindi aliona tu zile sharubu nyeupe akasema, "Sawa, sawa, nimeelewa, nenda," akamsukuma nje apate nafasi ya kupanga mambo yake.

Siku ya gulio ikafika. Majirani wakajaa: Ngiri na mkewe, Nyumbu, kina Digidigi wote na yule mtoto wao. Watoto wa Bi Tembo nao walikuwa wamefika kabla ya Bwana Afya mwenyewe, wanaangaliana kwa pembe za macho.

Korongo akanyoosha shingo. "Nauliza mara moja. Mwenye mji huu ni nani?"

Pimbi akafungua mdomo, "Ni mi..."

"MIMI!" Makonga akanguruma hadi majani yakapukutika. "Mimi ndiye baba hapa!"

"Mimi!" Kitindi akamsukuma. "Nyumba ya mama ni ya kitindamimba, mila ndiyo hiyo!"

"Mimi!" Nyangoma akapita katikati yao. "Kuolewa si kufa! Hapa ni kwetu!"

"Majirani, mmesikia?" akauliza Korongo.

"Tumesikiaaa!"

"Vizuri sana, hata watatu. Sikuwahi kuona mama mwenye bahati kama huyu." Korongo akafuta X kwa bawa lake, fyuu. "Haya, wenye mji. Nguzo zile pale, majembe haya hapa. Ua, kisima, shimo jipya la choo. Sitoki hapa mpaka nione kazi imekwisha."

Midomo ikawadondoka. Makonga akamgeukia Pimbi. "Chumvi iko wapi?"

"Chumvi gani, kaka? Nilikwambia ni majivu."

"Na mimi uliniambia majivu!" akasema Nyangoma.

"Hee, kumbe alikuja na kwako?" Kitindi akang'aka.

Majirani walicheka, mke wa Ngiri akakaa chini akishika mbavu. Makonga akapandwa na hasira, akainua mkonga juu ampige Pimbi, amsage pale pale.

"Mguse uone," ikatoka sauti mlangoni.

Bi Tembo alikuwa amesimama, magoti yanatetemeka.

"Macho yangu ndiyo yamekufa, Makonga, masikio ninayo. Siku ile mlipokuwa mkisema si mimi, si mimi, nilikuwa nimekaa hapa hapa. Nilimsikia kila mmoja wenu. Leo mmesema ni mimi, nikadhani mmenikumbuka. Kumbe ni chumvi."

Hakuna aliyecheka tena. Hata Korongo aliinamisha shingo.

Makonga akashusha mkonga polepole. Kisha akaenda, akaokota nguzo ya kwanza. Wenzake wakamfuata, bila neno, na jua lilipokuwa likizama walikuwa bado wanachimba.

Basi, hadithi yangu inaishia shimoni na hao watatu, nanyi mkalale mkijua hili: anayetaka kuitwa mwenye nyumba ya mzazi siku ya neema, aitike jina hilo hilo siku ya kazi.