Jeneza la Mwalongo

Palikuwa na tajiri aitwaye Mwalongo, aliyempora Sikitu, mjane fundi majeneza, hati ya kiwanja chake. Hati ilikaa mfukoni mwa koti la Mwalongo usiku na mchana, maana hata mkewe hakumwamini.

Siku moja akamjia Sikitu. "Nataka kujifanya nimekufa, nijue nani atalia na nani atacheka. Nitengenezee jeneza, la sivyo kesho nabomoa karakana yako."

"Hewala, mzee. Ila lazima nilipigilie misumari."

"Ya nini?"

"Njia ya makaburini ni mteremko mtupu. Jeneza lisilopigiliwa humwaga maiti njiani, na wewe utafufuka kabla ya mahubiri."

Mwalongo akacheka. "Basi piga mifupi, nikisukuma kifuniko king'oke."

"Mifupi, mzee. Na tundu la kupumulia hapa ubavuni, upana wa vidole viwili."

"Una akili wewe!"

Siku ya mazishi Mwalongo akalala jenezani na koti lake, Sikitu akapigilia. Mahubiri yalipokwisha, Mwalongo akasukuma kifuniko. Akasukuma kwa magoti. Wapi! Kelele zake zikamezwa na nyimbo. Sikitu akajitupa juu ya jeneza akiangua kilio, mdomo tunduni.

"Samahani, mzee, nimepiga misumari ya inchi nne. Na kamba za kukushushia ziko tayari. Ile hati ukiiviringisha vizuri, inapita hapa."

Karatasi ikachomoza. Sikitu akaisoma yote, akaitia kifuani, akafuta machozi.

"Leteni mtaimbo," akawaambia waombolezaji. "Marehemu ameghairi."