Kibuyu cha Watu wa Milimani

Hapo zamani, enzi ambazo majemadari walikuwa na panga ndefu na masikio mafupi, alitawala Sultani Shaibu. Siku moja alipeleka askari wake milimani wakaombe njia ya misafara. Basi wenyeji wakawatolea maji katika kibuyu, maana kwao mgeni hunywa kwanza ndipo husema, na anayekataa huhesabiwa adui. Jemadari Feruzi akayamwaga chini, akaanza kusoma amri. Ikawa wamefukuzwa kwa mishale, wakarudi mbio, roho mkononi.

Habari ilipofika barazani kwa Sultani, fukara mmoja aitwaye Machano aliangua kicheko. Sultani akaghadhibika.

"Ewe Machano! Kwa kuwa wajua kucheka, utawafundisha askari wangu adabu za milimani hata Ijumaa. Wala asitoke askari hata mmoja nje ya lango la ngome. Ukishindwa, shingo yako ni halali ya upanga."

"Nimesikia na kutii, bwana wangu," akajibu Machano, maana shingo aliyokuwa nayo ni hiyo moja tu.

Basi akapanda milimani peke yake, akanywa maji, ndipo akasema haja yake. Akarudi na vikongwe wa huko, ambao hawakutaka vita, akawatia jikoni mwa ngome badala ya wapishi. Askari aliyekuja akifoka hakupewa hata ukoko. Aliyekunywa kwanza alipakuliwa mpaka akashiba. Njaa haina mzaha. Feruzi alinuna kutwa nzima, jioni akaja akanywa.

Ijumaa Sultani akaingia ngomeni. Kikongwe akamnyooshea kibuyu, naye akakisukuma kando.

"Nani kawaruhusu hawa kuingia?"

Kikongwe akafunika chungu. Askari wakaguna, na Feruzi akamnong'oneza, "Bwana, kunywa kwanza. La sivyo hata sisi hatuli leo."

"Ulikataza askari kutoka, bwana wangu," akasema Machano. "Hukukataza vikongwe kuingia. Askari wamehitimu wote. Amebaki mwanafunzi mmoja."

Sultani akamtazama, akautazama upanga, kisha harufu ya kunde za nazi ikamfikia. Akakichukua kibuyu, akanywa mpaka tone la mwisho.

"Haya, mwanangu," kikongwe akasema, "sasa sema. Wataka nini?"

Sultani aliyekuwa akitaka njia ya milimani akameza mate.

"Chakula, mama."

Akala, na baada ya kula akapewa na njia. Machano akaenda zake na shingo yake, akicheka. Nami koo limenikauka. Mwenye swali anipe maji kwanza.